Mwalimu Geuza na Watahiniwa Kumi na Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko zamu, na nyinyi mnaotusikiliza kwa simu iliyofichwa kwenye mfuko wa koti la kazi, karibuni. Leo tunamkumbuka mwalimu. Alifariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sitini na mitatu. Alifundisha watu wazima kwa miaka kumi na tisa. Aliwatayarisha kwa mtihani mmoja tu: ule unaompa mtu mzima cheti kinacholingana na cha sekondari. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Geuza. Na sisi tutamwita hivyo.

Tutasema mema yake na tutasema kosa lake. Si sisi tulioamua. Mkewe ndiye aliyetutaka. Alituambia: "Mkimsifu tu, mtakuwa mnamzungumzia mtu mwingine. Mimi huyo simjui. Niliolewa na huyu."

Basi tuanze na mahali. Darasa lilikuwa kwenye bwalo la chakula la kiwanda. Wafanyakazi wa zamu wakishakunywa chai ya saa kumi, bwalo lilibaki tupu, na uongozi wa kiwanda ulimruhusu alitumie. Kipindi kilianza saa kumi na moja na nusu jioni. Mwalimu alifika saa kumi na moja kamili, na taulo yake begani. Nusu saa nzima alikausha meza. Wapishi wakimtania: "Mwalimu, tukuandikie kazi huku kwetu?" Naye akiwajibu: "Niandikeni, lakini sijui kuosha vyungu." Meza ikiwa na maji, karatasi hulowa. Karatasi ikilowa, alama ya kujumlisha na ya kutoa hufanana. Hiyo ndiyo sababu ya taulo. Hakuwa na nyingine.

Wanafunzi walikuwa watu wa kazi. Mlinzi wa ghala. Mpishi. Dereva wa winchi. Mama anayefua nguo za hospitali. Watu walioacha shule wakiwa na miaka kumi na mbili, kumi na tatu, kila mmoja kwa sababu yake.

Na jina la Geuza lilitoka wapi? Mwaka wake wa kwanza alipeleka watahiniwa tisa. Wanne walianguka. Alikwenda kuuliza, akaambiwa wanne wale hawakujibu maswali ya ukurasa wa nyuma. Hawakuyaona. Waliandika majina, wakajibu ya mbele, wakaweka kalamu chini, wakakaa wima wakisubiri kengele. Tangu siku hiyo aliweka sheria. Kabla ya kuandika jina, geuza karatasi. Tazama mbele, tazama nyuma, ndipo ushike kalamu. Kila jioni alianza kipindi kwa neno hilo moja: "Geuza." Na darasa zima likageuza, karatasi zikalia kwa pamoja.

Dada yake anakumbuka: "Kaka yangu hata ukimpa kadi ya harusi, alitazama mgongoni kwanza. Tukimuuliza unatafuta nini, anasema, sijui, ndiyo maana natazama."

Wasikilizaji wapendwa, alikuwa na jambo la pili, na hili lishikeni vizuri. Mtihani una masomo sita. Mtu anayefanya kazi mchana hawezi kuyabeba yote kwa mwaka mmoja. Mwalimu aliyagawa. Masomo mawili kila mwaka, kwa miaka mitatu. "Tafuna mawili, meza, ndipo uombe mengine." Utaratibu wa mtihani uliruhusu. Somo ulilofaulu lilikuwa lako. Hakuna aliyekunyang'anya. Kwa njia hiyo, katika miaka kumi na sita, watu mia moja na arobaini na wawili walipata cheti. Idadi hiyo tumeihakiki.

Sasa mama wa hospitali. Darasani walimwita Mama Mashuka. Alikuwa amefua shuka za wagonjwa kwa miaka kumi na saba. Mwalimu alimuuliza siku ya kwanza, kama alivyowauliza wote, cheti anakitakia nini. Akajibu: "Nataka kuwa muuguzi msaidizi. Miaka yote nashika shuka la mgonjwa. Sasa nataka nimshike mgonjwa mwenyewe."

Mlinzi wa ghala akadakia: "Mama, mimi nikiugua usinipige pasi tu." Darasa likacheka. Mama Mashuka akacheka kuliko wote.

Chuo cha uuguzi kilikuwa na sharti. Anayeingia mwezi wa Machi asiwe ametimiza miaka arobaini na mitano. Yeye na Mwalimu walikaa na kalenda wakahesabu. Mwaka wa kwanza, lugha na uraia. Wa pili, historia na jiografia. Wa tatu, sayansi na hesabu. Matokeo Januari, chuo Machi. Siku hiyo atakuwa na miaka arobaini na minne na miezi tisa. Miezi mitatu ya akiba. Walikubaliana kwamba inatosha.

Mwaka wa kwanza alifaulu. Wa pili alifaulu.

Februari ya mwaka wa tatu, tangazo lilifika kutoka ofisi ya mitihani. Karatasi moja. Mbele palikuwa na tarehe za usajili, tarehe za mitihani na vituo. Chini ya tarehe hizo palikuwa na sahihi na muhuri. Penye muhuri, mtu huona mwisho. Ilikuwa wiki ya fomu, na Mwalimu alikuwa na fomu ishirini na sita za kukagua jioni ile. Alilisoma tangazo mbele ya darasa kwa sauti, mara mbili. Akachukua pini nne. Akalibandika kwenye ubao wa matangazo, kando ya dirisha la kupakulia chakula.

Hakuligeuza.

Nyuma ya karatasi ile palikuwa na aya tatu. Utaratibu umebadilika. Masomo yote sita sasa yapatikane katika mikupuo miwili inayofuatana, yaani mitihani ya miaka miwili mfululizo. Ya zamani zaidi ya hapo yanafutika. Mwenye masomo ya zamani ayarudie mwaka huu huu, na ajiandikishe kabla ya mwisho wa Mei. Aya tatu. Zilikaa zikitazama ubao kwa miezi kumi na mmoja. Kila jioni Mwalimu aliketi hatua nne kutoka hapo. Kila jioni alisema: "Geuza."

Novemba wakafanya mtihani. Wa mwaka wa tatu walikuwa kumi na mmoja. Januari matokeo yakaja. Mama Mashuka alipata hesabu alama sitini na moja, na sayansi sabini. Chini ya alama hizo paliandikwa: Hajakamilisha. Wenzake kumi, neno hilo hilo. Wote kumi na mmoja walifaulu masomo yao. Wote kumi na mmoja hawakukamilisha.

Mwalimu alikwenda ofisi ya mitihani na hasira yake yote. Karani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza: "Mwalimu, tangazo ulilipata?"

"Nililipata."

"Ulilibandika?"

"Nimelibandika. Liko ubaoni mpaka leo."

"Basi lina kurasa mbili, mzee wangu."

Tunajua alichofanya baadaye kwa sababu mpishi wa zamu alimwona. Alirudi bwaloni mchana, wakati si wake. Akatoa pini moja moja, akazitia mfukoni. Akaigeuza karatasi, akasoma amesimama. Mpishi alimkaribisha chai. Akaendelea kusoma.

Angeweza kuichana. Ilikuwa karatasi moja, na hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kusema ofisi imewaonea, na kumi na mmoja wale wangemwamini, maana ofisi huonea watu kila siku. Hakufanya hivyo. Aliwaita jioni ile ile, akaikausha meza, akawasomea upande wa nyuma kwa sauti. Akasema: "Hili lilikuwa hapa. Sikuligeuza. Mngeweza kujiandikisha Mei. Kosa ni langu."

Mlinzi wa ghala, mtu wa mzaha, ndiye aliyeanza: "Kinyozi hajinyoi." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Mama Mashuka akauliza: "Wewe uliisoma?"

"Upande mmoja."

"Wewe?"

"Mimi."

Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayehakiki jibu lake: "Kwa hiyo Machi siendi."

"Huendi."

"Na mwakani nitakuwa na arobaini na mitano."

Hesabu ilikuwa sahihi.

Wasikilizaji wapendwa, mtatarajia tuwaambie alivyolisawazisha jambo hili. Alijaribu. Aliandika barua kumi na nne. Alijibiwa mbili, zote za kukataa. Alifuatana na Mama Mashuka mpaka chuoni, wakakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa saba. Msajili aliwapokea kwa adabu. Alisema: "Mama, matokeo yako ni mazuri kuliko ya wengi niliowachukua. Leta cheti kamili kabla ya Machi." Ilikuwa Februari. Mtihani ni Novemba.

Kati ya wale kumi na mmoja, wanne hawakurudi darasani tena. Saba walirudia masomo yaliyofutika, na Mwalimu aliwafundisha, jioni kwa jioni. Mama Mashuka alikuwa mmoja wa saba hao. Alifaulu. Cheti alipewa akiwa na miaka arobaini na mitano na miezi saba. Chuo kilimwambia umri umepita. Alirudi kwenye chumba cha kufulia, na hakuna aliyejua kama aliwahi kutoka. Husemwa elimu haina mwisho. Usajili unao.

Mkewe anasimulia: "Nilimwambia, mume wangu, karatasi ile imeandikwa vibaya, muhuri umekaa pasipo pake. Akaniambia, karatasi haina macho, mwenye macho ni mimi. Nikamwambia, basi mia moja na arobaini na wawili je? Akasema, hao walifaulu wenyewe."

Binti yake ni fundi wa majokofu. Yeye anasema: "Baba alianza kugeuza hata karatasi nyeupe. Nimemkuta mezani na daftari jipya, anageuza ukurasa mmoja mmoja, mpaka mwisho, hauna kitu. Nikasema, baba, ni tupu. Akasema, najua, mwanangu. Akaendelea."

Aliendelea na darasa pia, miaka miwili zaidi. Hakupeleka tena mtahiniwa wa masomo mawili mawili, kwa kuwa utaratibu haukuruhusu. Masomo matatu kwa mwaka kwa mtu aliyetoka zamu ni mzigo. Miaka hiyo miwili walikamilisha watu watano, Mama Mashuka akiwa mmoja wao.

Mwezi wa mwisho wa maisha yake alilazwa. Ilikuwa hospitali ile ile. Figo zilikuwa zimechoka. Siku ya nne, toroli la shuka safi lilisukumwa wodini, na aliyelisukuma alikuwa Mama Mashuka. Binti wa Mwalimu alikuwepo, na maneno haya ni yake.

Mwalimu alimtambua kwa sauti. Akasema: "Mama, nisamehe."

Mama Mashuka aliendelea kutandika kitanda cha jirani. Alipomaliza akaja kwake, akamsaidia kugeukia upande wa ukuta, akatoa shuka la zamani, akatia jipya. Kisha akasema: "Mwalimu, nikikuambia nimekusamehe, nitakuwa nimekisia jibu. Wewe hukutufundisha kukisia."

"Basi umekasirika."

"Nilikasirika mwaka wa kwanza. Sasa nimechoka tu. Lala, Mwalimu."

Muuguzi msaidizi akaingia, binti wa miaka ishirini na kitu, akamshika Mwalimu mkono kumpima mapigo. Mama Mashuka alisimama pembeni na shuka chafu kifuani, akatazama mpaka kipimo kikaisha. Kisha akasukuma toroli lake. Mwalimu alifariki siku ya tisa baada ya hapo. Hawakuonana tena.

Tulimtafuta Mama Mashuka kwa ajili ya kipindi hiki. Tulimwomba neno la rambirambi. Mashine zikinguruma nyuma yake, akatuambia: "Alinifundisha hesabu, na hesabu nimezijua. Asubuhi nahesabu shuka mia mbili na arobaini, jioni mia na themanini. Sikosei hata moja. Andikeni hivyo." Cheti chake tulikiona. Kipo kabatini, pamoja na sabuni, kwa sababu hapo ndipo pasipoingia maji.

Bwalo la kiwanda sasa linafungwa saa kumi na moja. Waliokuwa wamejiandikisha kwa mwaka huu ni ishirini na watatu. Hakuna mwalimu aliyejitokeza.

Kwa mke wa marehemu, kwa binti yake, kwa dada yake, poleni kwa msiba. Mlitukabidhi mtu wenu na kosa lake, na hilo si jambo dogo. Kwa wale wanne ambao hawakurudi, popote mlipo, nanyi poleni, kwa msiba wa namna nyingine.

Na kwenu wasikilizaji wapendwa, tunawaachia jambo moja la kutafakari. Sisi sote tuna tabia ya kumwambia mtu mzima anayesoma kwamba hajachelewa. Tunalisema kwa wema, na hutugharimu pumzi moja tu. Safari nyingine, kabla ya kulisema, kaeni naye kwanza. Muulizeni anataka kuwa nani. Kisha muulizeni ni kabla ya tarehe gani. Na kama tarehe imepita, msimdanganye. Nyamazeni naye kidogo.