Fundi Anachagua Gari ya Mama

Benchi letu lipo katikati ya kibanda cha kinyozi, yaani mimi, na duka la Fundi cherehani. Asubuhi hiyo nilikuwa na mteja kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nikamwomba asubiri, maana mjadala wa nje ulikuwa mkubwa kuliko kichwa chake. Fundi anamnunulia mama yake gari. Mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na mara tatu kwa wiki anatakiwa hospitali kwa mazoezi ya mguu. Wiki iliyopita teksi haikutokea mara mbili, na daktari amesema akiendelea kukosa, mkongojo anaotembelea sasa atakuwa nao maisha. Muuzaji ana SUV ndogo mbili, moja ya kifahari, nyingine ya kubana matumizi, na anataka jibu kabla ya saa sita. Ilikuwa saa tano na robo. Nikamimina kahawa.

Fundi alifungua daftari la wateja. Huyu bwana hakisii kitu. Juu ya mlango wake ameandika kwa rangi nyekundu: HATUPIMI KWA KUTUMANA. MWENYEWE AJE. Jana yake alishinda kwa muuzaji na futi yake ya kitambaa.

— Ya kifahari, akasoma, mabega mita moja na themanini na tatu. Ya kubana matumizi, moja na sabini na sita. Buti nimepima, dashibodi nimepima, mpaka vioo vya pembeni.

— Kiuno je? nikauliza.

— Kinyozi, usinianze.

— Chukua ya kifahari, usijiulize mara mbili, akasema Kamusi. Yeye anauza vitabu vilivyotumika, na anajua yote yaliyomo kwenye vitabu ambavyo hajawahi kuvifungua. Kile kiti, akaongeza, kinapasha mgongo moto. Mama akifika hospitali, nusu ya mazoezi yameshafanyika njiani.

— Hapo umechemsha, akasema Gia Tano. Huyu kaendesha malori miaka thelathini, na hata akikaa benchini mkono wake unatafuta gia. Kiti kikiharibika, akaendelea, atakitengeneza nani? Ya kubana matumizi fundi yeyote anaifungua kwa bisibisi moja.

— Bisibisi moja tu?

— Na nyundo.

— Mlinzi wa hospitali akiona ya kifahari, akasema Kamusi, anafungua geti mpaka mwisho, unamshusha mgonjwa mlangoni. Hiyo nyingine utaambiwa paki barabarani, mama atembee.

— Si ndiyo mazoezi yenyewe? nikasema. Hakuna aliyecheka, nikajiongezea kahawa.

— Kamusi, ya kifahari ina kompyuta, akasema Gia Tano. Shemeji yangu aliifokea ya kwake kidogo tu, ikagoma kuwaka siku nne, mpaka mkewe akaenda kuongea nayo kwa upole.

— Uongo.

— Nilikuwepo. Sasa ana kama hiyo ya kubana matumizi, wiki ya tatu hii mshale wa mafuta haujasogea.

— Mshale mbovu huo.

— Mbovu vipi, na gari inatembea?

— Mimi nawaambia, akasema Kamusi, daktari akichungulia dirishani akaona gari ya maana, anampokea mgonjwa kwa moyo mwingine. Hata ugonjwa wenyewe unaona aibu.

— Chukueni nyeupe, akasema mteja wangu kutoka ndani.

Fundi akafunga daftari.

— Jamani, wiki iliyopita nilimkuta mama kitandani, amevaa tangu saa kumi na mbili asubuhi, mkoba mapajani, anasubiri teksi. Saa nne alikuwa bado amekaa vilevile. Sitaki kumkuta hivyo tena.



Hapo tukasikia mkongojo. Mama, anayeishi na Fundi nyuma ya duka, alikuwa anatoka mlangoni, peke yake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili. Tukasimama wote.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nisogezeeni nafasi.

Akalipa benchi mgongo, akalishika kwa mikono miwili, akajishusha taratibu mpaka akakaa.

— Hapa naweza, akasema. Sasa mwanangu, hivyo viti vya gari viko juu kuliko benchi hili, au chini? Chini zaidi ya hapa nyonga inakataa. Juu zaidi, mguu haufiki.

Fundi akafungua daftari, akapekua mbele, akarudi nyuma. Mkono wa Gia Tano ukaacha kutafuta gia. Kamusi akachungulia kikombe, nacho kilikuwa kitupu. Nikainua birika nimwokoe. Kahawa ilikuwa imekwisha.

— Sikupima, akasema Fundi.

— Siku nzima ulikuwa unapima nini?

— Mabega, mama.

Mama aliinua mkongojo, akauelekeza juu ya mlango, kwenye maandishi mekundu. Fundi akayasoma kama hakuyaandika yeye. Kisha akampigia muuzaji simu.

— Usiuze hata moja. Zilete zote mbili hapa kwangu. Hapana, sijachagua. Mwenye kuchagua yupo, amekaa hapa benchini.

— Mwambie asichelewe, akasema mama. Leo nina mazoezi saa nane.