Tunahesabu Mpaka Tatu

MUUGUZI: Haloo? Nani mwenzangu?

MATRONI: Mwenzako? Mimi mwenzako tangu lini?

MUUGUZI: Mama mdogo! Shikamoo. Mbona namba nge—

MATRONI: Simu ya mfamasia hii. Yangu huipokei tangu juzi.

MUUGUZI: Nilikuwa zamu, mama—

MATRONI: Zamu ya kunianika! Wauguzi wangu wote, wodi nzima ya watoto mahututi, wamechomeka waya masikioni wanasikiliza hiyo podikasti yako. Nikipita, vicheko. Leo nimewasikia: “Sista Mbili huyoo!”

MUUGUZI: Sikukutaja.

MATRONI: Hukunitaja! “Kuna muuguzi humwambia mtoto tunahesabu mpaka tatu, halafu anamchoma kwenye mbili.” Nani huyo, kama si mimi?

MUUGUZI: Ni wote uliowafundisha.

[Mikwaruzo.]

MATRONI: ...unanisikia? Kwenye mbili mtoto hajakaza mkono! Sindano inaingia mara moja. Miaka thelathini naokoa watoto kwa hiyo mbili. Wewe na kinasa sauti chako umeokoa nani?

MUUGUZI: Huku kwetu, mtoto wa kitanda cha nne alikuwa anang'ata kila mtu. Tukamwambia ukweli: itauma. Tukahesabu tatu ya kweli. Jana kanyoosha mkono mwenyewe.

MATRONI: Hongera yake. Sasa sikia. Kesho mganga mkuu anataka kikao kizima kisikilize hicho kipindi, na mimi nimekaa kiti cha mbele. Kifute.

MUUGUZI: Sifuti.

MATRONI: Ama kweli, shukrani ya punda ni mateke! Nani kakulea? Nani kakuvalisha hiyo sare?

MUUGUZI: Wewe.

MATRONI: Na huyo mtoto unayemsimulia kwenye kipindi, aliyelia mpaka sauti ikakauka, wazazi wake wamekupa ruhusa? Unatangaza siri za wagonjwa! Nitakushtaki, wallahi nita—

MUUGUZI: Mtoto mwenyewe ni mimi.

MATRONI: Ulikuwa na miaka mitano. Ulikuwa unakufa, wewe.

MUUGUZI: Najua. Uliniokoa, na sijasahau. Ila pale wodini nilikuwa namwamini mtu mmoja tu. Mpaka leo mtu akianza kuhesabu, nauficha mkono mgongoni.

MATRONI: Si ungeniambia!

MUUGUZI: Nilikuambia nikiwa na miaka kumi. Ukasema, “Acha kudeka.”

MATRONI: Ndiyo ukaenda kuuambia ulimwengu?

MUUGUZI: Niambie pole tu. Kipindi nakifuta sasa hivi.

[Mikwaruzo.]

MATRONI: Pole? Pole ya kukuponya? Thubutu! Na salio la watu linaisha. Nahesabu mpaka tatu, uwe umekifuta. Moja—

MUUGUZI: Usinihesabie, mama mdogo. Nakuomba—

MATRONI: Mbili—

[Simu inakatika.]

MUUGUZI: Haloo? ...Haloo? Hata leo hukufika tatu.