Mzee Nzai Mramba, Mshenga wa Mawakili

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka Mombasa, ahsanteni kwa kufika. Tunayemzika leo ni baba yetu, Mzee Nzai Mramba.

Alizaliwa Kinango mwaka 1908, kitindamimba wa Mzee Mramba Chome na Bi Mapenzi. Alisoma shule ya misheni huko Ribe mpaka ukame ulipomaliza ng'ombe wa babake, akarudi nyumbani.

Mwaka 1930 aliajiriwa mahakama ya Kwale, akawa mkalimani hadi alipostaafu mwaka 1962. Alimwoa Bi Mbodze Thoya wa Bongwe mwaka 1934. Mama husema aliolewa na mahakama, maana hata usingizini mumewe alikuwa akitafsiri.

Baada ya Uhuru, mawakili wengi wa Kizungu walirudi kwao, na ofisi za Mombasa zikabaki na viti vitupu. Vijana wetu nao walirejea kutoka masomoni ng'ambo, wasijue pa kubisha hodi. Marehemu alifahamiana na makarani wa kila ofisi, akajua nani anamtaka wakili wa namna gani. Alikwenda kuwaombea vijana kazi kama mshenga apelekavyo posa: siku ya kwanza salamu tu, ya pili kahawa, ya tatu ndipo aseme lililomleta. Na kama mshenga mwaminifu, kasoro hakuzificha. Bwana Suleiman Chirau, ambaye yuko nasi hapa, aliombewa hivi mbele ya mwenye ofisi: "Sheria anaijua. Ila ana hasira, na kuamkia wazee hajui." Bwana Suleiman alinuna mwezi mzima. Kazi aliipata.

Shukrani aliyoitaka marehemu ilikuwa moja: mmoja wao arudi kukaa Kwale. Pale mahakamani aliona watu wengi wakipoteza mashamba kwa kukosa wa kuwasemea, na yeye kazi yake ilikuwa kutafsiri tu. Vijana wote waliitikia. Akamkodia huyo atakayerudi chumba cha ofisi Kombani, huku Kwale, akakipaka chokaa, akaweka meza na viti viwili. Kila aliyekumbushwa alisema mwaka ujao. Sisi wanawe tulichoka, tukamwambia aachane nao.

"Mshenga hachoki kabla ya ndoa," alitujibu.

Mwaka 1968 miguu ilianza kuvimba, na madaktari wakasema ni moyo. Alipolazwa Msambweni, kijana mmoja alimfuata hadi kitandani kutafuta nafasi Mombasa. Marehemu alimtajia karani wa kumwona, kisha akamwomba lile lile, na kijana akaitikia kama wenzake. Siku ya mwisho alimuuliza mama kama chumba kimefagiwa. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Machi, 1969.

Ameacha mjane, Bi Mbodze, watoto Mramba, Dama na Kavumbi, wajukuu, na chumba kimoja Kombani ambacho hakijapata mtu. Jana tumekifagia. Mawakili mlioketi mbele, ufunguo anao Bi Mbodze.

Baba, pumzika kwa amani. Sasa unaruhusiwa kuchoka.