Sanduku ya Damas Inatoa Hotuba

DAMAS: Alo? Atelier ya fundi wa umeme, Likasi. Nani anasema?

URBAIN: Njo minye, Urbain. Yambo, shemeji.

DAMAS: Yambo. Dada yangu eko muzuri? Na batoto?

URBAIN: Beko muzuri. Sikia, niko Kambove, ku simu ya mission ya padri, pembeni ya salle, ule ukumbi ya fête. Ile sanduku yako ya kuchafua sauti ya gitaa —

DAMAS: Haichafue?

URBAIN: Inachafua sana. Lakini inasema pia.

DAMAS: Inasema nini?

URBAIN: Hotuba. Tuko na fête ya kupokea Commissaire, mukubwa wa serikali. Nilichomeka gitaa ku sanduku, sanduku ku ampli ya kukuza sauti. Sijagusa kamba hata moya, Mukubwa wa inchi akaanza kusema mu ampli. Sauti inakwaruza, kama mutu anameza misumari.

DAMAS: Ni ile waya murefu ya gitaa. Inakamata radio, halafu transista —

URBAIN: Damas, sikuulize juu ya transista. Commissaire alisimama, mukono ku kifua. Salle yote ikasimama. Hotuba ikaisha, radio ikaanza matangazo ya sabuni. Bado banasimama.

DAMAS: Ju ya sabuni?

URBAIN: Nani ataikala chini wa kwanza, bamufunge? Mama Philomène eko na mimba mukubwa, naye eko anasimama. Nilimwambia chef d'orchestre, mukubwa wa bendi yetu, azime ampli. Akaniambia nizime minye, yeye eko na batoto.

DAMAS: Weye pia uko na batoto.

URBAIN: Njo nilikimbia ku simu.

[laini inakwaruza]

DAMAS: Unanisikia? Ukipiga kamba nguvu, gitaa inajaza sanduku yote, radio inakosa nafasi. Lakini usiache kupiga.

URBAIN: Nipige nini? Rumba? Mutu eko mukono ku kifua.

DAMAS: Piga wimbo ya taifa. Banasimama tayari. Ku mwisho, noti ingali inalia, chomoa waya ku ampli. Wimbo ikiisha kila mutu anaikala, haiko kosa ya mutu.

URBAIN: Usikate. Naacha simu ku meza, naenda kupiga.

DAMAS: Niko… Alo? … Ah, njo ile. Nasikia. Ongeza nguvu, Urbain… vile, vile… Inaisha. Chomoa. Chomoa sasa.

[hatua zinakimbia kurudi ku simu]

URBAIN: Banaikala.

DAMAS: Mama Philomène?

URBAIN: Eko anakunywa maji. Commissaire alilia, shemeji. Alisema hajasikia wimbo ya taifa yenye nguvu vile. Ao alisema yenye kuharibika vile. Machozi ilikuwa mingi, sikusikia muzuri.

DAMAS: Ni ipi?

URBAIN: Akauliza nani alitengeneza sanduku.

DAMAS: Ukamujibu nini?

URBAIN: Jina yako. Na atelier yako. Alituma jeep Likasi.

DAMAS: Kunisifu ao kunifunga?

URBAIN: Hakusema. Padri anataka simu yake. Vaa shati ya misa, na ukule kwanza.

DAMAS: Urbain, ule dereva wa jeep, eko peke yake ao na — alo? Alo?