Nyumba Niliyotaka Kuinunua kwa Siri

Bwana wetu apewe sifa, wapendwa wa kanisa la Nambis! Na apewe sifa na kila mtu atakayesoma maneno haya akiwa mbali.

Kabla sijaeleza lolote, niwataje waliokuwepo siku ile, maana ushuhuda usio na mashahidi ni hadithi tu. Nilikuwepo mimi, Daudi, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu. Alikuwepo mke wangu Anna, na mtoto mgongoni. Alikuwepo muuzaji, ambaye jina lake silitaji kwa sababu bado tunamwombea. Alikuwepo mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwepo Bibi Maria, jirani wa upande wa mashariki, na fimbo yake. Na alikuwepo mdogo wangu Rebeka, mwalimu, ambaye mimi sikumwalika.

Ndugu zangu, mnajua nilikotoka. Baba alimfuata mama kaburini kabla sijamaliza darasa la sita. Waliniachia wadogo wawili, Rebeka na Samweli. Matanga yalipokwisha nilimrudishia mwalimu vitabu vya shule, nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu. Nimelima viazi vya watu. Nimefyatua tofali. Nimebeba vitunguu saumu mgongoni kutoka mashambani mpaka barabarani. Rebeka akasoma mpaka akawa mwalimu, Samweli akakua akaoa. Na desturi yetu mnaijua: boma la baba hubaki kwa mtoto wa mwisho. Kwa hiyo mimi niliyeziba paa la boma lile kila masika, nilifunga mizigo yangu nikashuka Mogitu kupanga vyumba viwili. Nilisema ni sawa. Mdomo ndio uliosema.

Kisha Rebeka akanunua nyumba Balangdalalu.

Alichukua karibu mwaka mzima. Nyumba ya kwanza aliiona kiangazi, ikampendeza, lakini akakataa kutoa hata shilingi mpaka mvua inyeshe. Iliponyesha, akaenda akasimama pale na mwavuli, akaona maji yanayoshuka kutoka mlimani yanapita nyuma ya jiko. Akaiacha. Ya pili akaenda kuwasalimia majirani mmoja mmoja. Akaonja maji ya kisima. Akaenda ofisi ya kijiji kuuliza kama nyumba ina mgogoro, au kama imewekwa dhamana ya mkopo. Akakaa chini na mke wa muuzaji na watoto wao wakubwa mpaka kila mmoja akasema kwa kinywa chake kwamba amekubali. Siku ya kuandikiana, majirani wa pande nne walitembea naye kwenye mpaka wote wa kiwanja, kila mmoja akasimama upande wake. Mimi nilicheka. Niliwaambia watu kwamba mwalimu anachunguza nyumba kama anachunguza mchumba.

Siku ya kuibariki nyumba yake nilikaa kwenye kiti chenye vitambaa vya kufuma, nikala wali wake, na kila tonge lilinikwama. Nilihesabu madirisha. Nilihesabu tena, nikitumaini nimekosea. Nikasema moyoni, madirisha haya ni yangu. Kila dirisha ni mwaka wangu mmoja wa shule. Shangazi yetu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akanigeukia mbele ya wageni.

"Haya, baba Yakobo, mdogo wako ametukaribisha. Wewe utatukaribisha lini, au tuje kula kwa mwenye nyumba wako?"

Watu wakacheka. Rebeka hakucheka. Alichukua kijiko akaniongezea nyama. Nyama ile, ndugu zangu, ndiyo iliyoniumiza kuliko maneno ya shangazi.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijapenda kulisema. Wiki ile ile, mnadani, mtu mmoja alinipa mkono kunipongeza kwa ajili ya mdogo wangu. Nikamjibu, "Mshahara wa mwalimu haununui nyumba. Muulizeni ni mwanaume gani aliyelipa." Nilijua ni uongo. Nilijua fedha zake zimetoka wapi, maana nilimwona akivaa viatu vile vile miaka minne. Nilisema mara moja tu, lakini mnadani mara moja inatosha. Neno lilifika Balangdalalu kabla ya ng'ombe walionunuliwa siku ile. Haukupita muda wanakwaya wenzake wa kanisani, aliokuwa akiwaongoza, wakamwomba akae kando mpaka maneno yatulie. Nilipata habari hizo nikiwa mezani. Mungu anisamehe! Siku hiyo nilikula vizuri.

Wivu ukishaonja damu hautosheki. Nikaanza kutafuta nyumba. Ningesema natafuta kwa ajili ya Anna na watoto, lakini hapa niko mbele za Mungu. Nilitafuta nyumba ya kumwonyesha Rebeka. Nilitaka madirisha yazidi ya kwake.

Ndipo nikakutana na yule muuzaji. Alikuwa na nyumba pale pale Mogitu, imepigwa lipu, bati la bluu, madirisha mengi, na bei yake ilikuwa chini kuliko nyumba zote nilizoziulizia. Akaniambia tusiwashirikishe watu, maana watu wana midomo, watatuharibia. Akasema mambo ya mwenyekiti tutayamaliza baadaye. Ndugu zangu, mtu mwenye akili angekimbia hapo. Mimi nilifurahi! Siri ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nilitaka Rebeka asikie siku nitakapokuwa nimeshika ufunguo.

Niliiona nyumba ile mara mbili, na mara zote mbili nilitazama bati na madirisha. Nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la mabua ya mahindi, limepangwa vizuri, karibu na ua wa miti ya manyara. Mimi mchunga ng'ombe, mtu niliyekulia kwenye mabua, nikamsifu muuzaji kwa kuwa na chakula cha mifugo katikati ya masika. Nikamwomba aniachie na mabua yale, yawe ndani ya bei. Akanitazama kidogo, akasema nitachukua nikishahamia.

Nikauza maksai wangu wawili, nikachanganya na akiba yetu yote. Anna aliniuliza kama majirani wa pale wanajua. Nikamwambia anyamaze. Hakunibishia. Alikwenda kwa jirani, akaazima simu, akampigia Rebeka.

Siku ya kukabidhiana fedha tulifika asubuhi, muuzaji akiwa mlangoni anatusubiri. Sikuwa nimetoa kitu bado. Nikasikia watu wanakuja kwenye njia. Rebeka alikuwa ametoka Balangdalalu kwa gari la alfajiri, na kabla hajafika kwetu alikuwa ameshapita nyumba za jirani kusalimia. Nyuma yake walikuja mwenyekiti na Bibi Maria.

"Shikamoo kaka," akasema.

Sikuitikia. Mnajua kwetu maana yake ni nini, mtu mzima kuacha shikamoo ya mdogo wake ianguke chini mbele ya wageni. Nikamwambia, "Umekuja kuhakikisha sipati."

"Nimekuja kuuliza tu, kaka."

Akamgeukia muuzaji, akamsalimia kwa heshima, akamwuliza mama wa nyumba yuko wapi. Muuzaji akasema hana mke. Akamwuliza kama ana ndugu. Yule bwana akajibu kwamba nyumba ni yake, yeye ndiye mkubwa.

"Mkubwa ndiye huulizwa zaidi," mwenyekiti akasema. "Mbona mimi sijaulizwa hata kidogo?"

Bibi Maria hakusubiri jibu. Alizunguka nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata. Akagusa lile lundo kwa fimbo, akaniuliza mimi, "Mwanangu, mwezi huu nani bado ana mabua?"

Mwezi ule hakuna. Kila mtu ameshalisha yake yakaisha. Mtoto wa miaka saba anayechunga mbuzi angeshangaa kuyaona. Mimi niliyaona mara mbili nikaomba yawe ndani ya bei.

Akayavuta kwa fimbo. Chini yake kulikuwa na mawe yamepangwa, na msalaba wa mbao umelazwa chini.

"Huyu ni mama yao, huyu bwana na wadogo zake," akasema. "Baba yao yuko hapo pembeni. Watoto ni wanne. Wa mwisho yuko shule ya bweni, na nyumba hii ni yake."

Muuzaji hakukimbia, wala hakubisha. Alikaa chini kwenye mawe, akashika kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na hao waliolala pale:

"Nimewalea wote. Nimewasomesha wote. Mimi nimepata nini?"

Ndugu zangu, maneno yale yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyasema usiku na mchana, ila sikuwahi kuyasikia kwa sikio. Nikamtazama yule mtu nikajiona mimi mwenyewe, mzaliwa wa kwanza, yatima, mwenye mikono iliyopasuka, anauza paa la mdogo wake. Na mimi nilikuwa nimeuza nini? Nilikuwa nimeuza jina la mdogo wangu mnadani, tena bure. Nikapiga magoti pale pale kwenye matope, mbele ya kaburi la mama nisiyemjua, nikamlilia Bwana aniondolee hiki kitu kinachonila. Na Bwana akanisikia! Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Nilihisi tu kwamba naweza kumtazama Rebeka usoni.

"Marahaba," nikamwambia.

Alikuwa amenisalimia zamani. Akaanza kulia.

Nikamwambia kwamba maneno ya mnadani yalitoka kwangu. Akasema, "Najua, kaka. Nilijua tangu wiki ile." Nikamwuliza kwa nini basi amekuja. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge chake. "Ulibeba vitunguu vya watu ili mimi nisome. Ningekaaje darasani nafundisha watoto kusoma, wewe unatia dole gumba kwenye karatasi ya wizi?"

Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa utani hata msibani, akakohoa akaniuliza kama bado nayataka mabua. Anna alicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka.

Fedha zetu tulirudi nazo zote. Wadogo wa muuzaji waliitwa, wakakaa kikao na kaka yao, na nyumba ile ipo mpaka leo, msalaba umesimama. Mimi bado napanga vyumba viwili. Nimeona nyumba nyingine ndogo huko huko Mogitu, yenye madirisha matatu. Nimeshaongea na mama mwenye nyumba na watoto wake. Nimeshauliza familia inazikia wapi. Kijijini nimeulizia, na majirani wamekubali kutembea nami kwenye mpaka wa kiwanja. Sasa nasubiri mvua kubwa, nione maji yanapita wapi. Nikipita barabarani nikaona bati la mtu linang'aa, kile kitu bado huinua kichwa ndani yangu. Siku hizi nakijua jina, nakitaja mbele za Bwana, nacho kinarudi kulala.

Wewe unayetafuta nyumba ya kwanza, chunguza paa na ukuta, chunguza karatasi, chunguza muuzaji na ndugu zake. Ukiona mtu anakutaka ununue haraka na kimya, rudi nyumbani kwako hata kama ni kwa kupanga. Lakini kabla ya yote jiulize unamnunulia nani. Mimi nilikuwa nanunua nyumba kwa ajili ya macho ya dada yangu, na nyumba ya namna hiyo hata ingekuwa halali isingenipa usingizi. Mtumaini Bwana, ndugu yangu. Aliyempa mdogo wako hakukunyang'anya wewe. Namshukuru kwa ajili ya Anna na simu ya kuazima, na kwa ajili ya Bibi Maria na fimbo yake.

Rebeka amenisamehe. Hata hivyo jina la mtu hurudishwa pale lilipochukuliwa. Mnadani nimeshasimama, nikasema mbele ya wauza ng'ombe kwamba nilidanganya. Wengine walinicheka, mmoja alinitemea mate. Lakini Balangdalalu, mbele ya kwaya ile ambayo mpaka leo inaongozwa na mtu mwingine, bado sijasimama. Nimefika mara mbili mpaka mlangoni mwa kanisa, nikarudi. Niombeeni, wapendwa. Deni hilo ni langu, na bado sijalilipa.