Ausi bin Dadi, Aliyeambiwa Aonyeshe Alipomzika Mtani Wake

Yamesomwa Bagamoyo siku ya kuanua tanga, Jumatatu, tarehe 14 Mfunguo Tisa, mwaka 1305 wa Hijria, ambao mapadri wa misheni huuhesabu 1888.

Marehemu Ausi bin Dadi alizaliwa Vigwaza mwaka 1260 kwa hesabu ya baba yake, au 1258 kwa hesabu ya mama yake. Wazazi hao walibishana juu ya jambo hilo mpaka wote wawili wakaingia kaburini, na marehemu hakutaka kuwaamulia. Alipoulizwa umri wake alijibu kwamba yu katikati ya baba na mama, kama watoto wote.

Alipotimu miaka saba aliletwa Bagamoyo kwa shangazi yake, akatiwa chuoni. Alihitimu Kurani kwa miaka sita. Fimbo alizokula zilikuwa nyingi, lakini hazikuwa za kusahau aya, zilikuwa za kucheka. Aliyemchekesha ni Mwinjuma, mtoto wa Kizigua aliyetoka Miono. Siku yao ya kwanza Mwinjuma alimnyang'anya ubao wa kuandikia akasema, "Nyie Wakwere ubao wa nini, na vichwa vyenyewe mbao tupu?" Ausi naye akamvua kofia, akaenda nayo kwao. Huo ndio utani wa Mkwere na Mzigua kama tulivyourithi kwa wazee: mtani hukutukana usikasirike, huchukua chako usimshitaki, na siku ukifa ndiye anayeshuka kaburini kukusumbua. Wakaendelea hivyo miaka thelathini, wala hakuna aliyepata kuwaona wakipeana heshima hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa kuchimba sandarusi, ule utomvu wa miti ya kale ulioganda ardhini, katika misitu iliyo nyuma ya mji. Mashimo yake yalimfika kifuani, na kabla ya kupiga jembe alitia udongo kidogo ulimini, akajua kama pana kitu au hapana. Alipenda vipande vyenye mdudu ndani. Kimoja chenye siafu alikiweka asikiuze, na nitakirudia.

Mwaka 1287 alimwoa Mwanvita, dada yake Mwinjuma. Aliyeozesha ni kaka yao mkubwa, Rehani. Mwinjuma alilala kizingitini siku ya harusi, akakataa kumpisha bwana harusi mpaka alipopewa kuku mzima na shingo yake. Mwaka 1290 Mwenyezi Mungu aliwajalia binti, Kibibi.

Sasa nafika mahali pagumu, na marehemu mwenyewe aliniusia nisipakwepe.

Mfunguo Pili, mwaka 1297, watu walikuwa barazani wakinywa kahawa, na Mwinjuma akijisifu kama kawaida yake. Ausi akamwambia, "Wewe hata mto Kingani, hapo njia ya bara, hujauvuka. Kesho nakuzika katika shimo langu moja, mji upumzike na mdomo wako." Akamvua kofia, akamchomoa na kisu kiunoni, akaenda zake. Watu wakacheka. Kesho yake Mwinjuma hakuonekana. Mwezi ukaisha hajaonekana, na Rehani, kwa uchungu wa ndugu yake, akaenda kushitaki.

Hakimu wa siku zile alikuwa mgeni, hajatimiza miezi minne katika pwani hii, nami sina haja ya kumtaja.

"Ulisema utamzika?"

"Nilisema," akajibu Ausi.

"Na kofia hii, na kisu hiki?"

"Vyake. Nimevichukua mimi, ni haki yangu." Na alipokwisha kusema hivyo akacheka, maana kwake jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha.

Kicheko kile ndicho kilichommaliza. Wazee walisimama kueleza utani ni nini, hakimu akawauliza ni mzaha gani huo wa kuzikana. Mwanvita naye aliitwa, akaulizwa kama alipata kumsikia mumewe akisema maneno yale. Akasema alimsikia, kwa sababu alimsikia. Ikahukumiwa Ausi akae katika mnyororo hata atakapoonyesha alipomzika Mwinjuma. Mashimo yake ishirini na mawili yakafukuliwa, haukupatikana mfupa wa mtu wala wa kuku.

Akavushwa ng'ambo, akafungwa miaka minne na miezi minane, akivunja mawe ya chokaa. Kila baada ya muda aliulizwa, "Yuko wapi?" naye alijibu, "Sijui." Huku nyumbani Rehani alimhimiza dada yake adai talaka, na kila alipomuuliza kama bado anamtaka muuaji yule, Mwanvita alijibu, "Sijui." Hakudai talaka, na hakwenda kumtazama.

Mwezi wa Rajabu, 1302, msafara uliingia kutoka Unyanyembe. Mtu mmoja mwenye makovu ya ndui uso mzima aliacha mzigo wake njiani, akaja mbio mtaani akipiga kelele, "Wapi yule Mkwere aliyesema atanizika? Na atoke, mzoga umerudi!" Mwanvita alifungua mlango. Alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa kovu moja moja, kisha akakaa chini.

Alikuwa Mwinjuma. Neno lile la mto Kingani lilimchoma, akajiandikisha upagazi alfajiri asimuage mtu, ili arudi na pembe ya ndovu aitupe miguuni pa mtani wake. Huko bara ndui ikamwangusha, akachukuliwa kuwa maiti, akapona, akalima mpaka akapata nguvu za kurejea. Alipoambiwa Ausi yuko wapi hakungoja hata maji ya kunywa. Alikwenda mpaka mbele ya hakimu, ambaye sasa alikuwa mwingine, akasema, "Mimi ndiye marehemu. Nimekuja kumtoa aliyeniua." Subhanallah, ni nani mwingine katika mji huu aliyefunguliwa mnyororo na maiti wake?

Mwanvita alimpokea mumewe pwani, akapiga magoti mchangani.

"Nisamehe, mume wangu. Nilisema mimi."

"Ulisema nililolisema mwenyewe."

"Lakini niliamini, Ausi. Niliamini kwamba umemwua."

Marehemu akasema, "Hilo nipe siku."

Siku hizo zilikuwa miezi mitatu, akilala barazani. Mwezi wa nne aliingia ndani bila kuitwa, akaonja chakula, akasema mchuzi umepungua chumvi. Mwanvita alilia mpaka majirani wakaja. Kibibi, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na hamjui vizuri baba yake, alipewa kile kipande cha sandarusi chenye siafu. Baba yake akamwambia, "Mtazame huyu. Kafungwa miaka mingi kuliko mimi, na hana hata mtani wa kuja kumtoa." Mtoto akacheka, wakaanzia hapo. Kuchimba hakuweza tena, maana mguu uliharibiwa na pingu, akawa anasafisha sandarusi za wenzake hapo hapo barazani.

Lakini utani ulikufa. Mji mzima ulimwogopa kwa adabu. Mzaha ukianza barazani, akitokea yeye watu hunyamaza na kumsogezea mkeka. Na Mwinjuma, aliyekuwa akimwita kichwa ubao, sasa alikuja kila asubuhi ameinamisha macho: "Shikamoo, Bwana Ausi." Marehemu aliitikia marahaba, na Mwinjuma akiisha kupita, yeye hunigeukia mimi mpwa wake: "Msabaha, huyu Mzigua ataniua kwa heshima." Aliniambia wazi kwamba gerezani alikuwa mtu aliyesingiziwa, na hapa nyumbani amekuwa mgeni, na hajui nani atamrudisha. Naye mwenyewe kila alipotaka kuanza utani ulimi ulimwia mzito, kwa kuwa alikumbuka neno lililompeleka kule kifungoni.

Rehani alihamia msikiti mwingine ili wasikutane. Alifariki Shaabani 1303 bila kupata ujasiri wa kuomba radhi. Hakuna aliyemtazamia Ausi mazikoni, ila alikuja, akichechemea, akapenya katikati ya watu. Kabla maiti hajateremshwa, akashuka yeye. Alijinyoosha ndani ya mwanandani, pale pa kulazwa maiti, akafumba macho, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Niliambiwa nionyeshe shimo. Haya, ndilo hili. Nani atanitoa?"

Mwalimu aliyesimamia maziko alikohoa, akaishia hapo. Mwinjuma alisimama ukingoni mpaka likamtoka lile neno ambalo kwa miaka yote hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya mtu yule:

"Toka, muuaji we! Toka katika shimo la kaka yangu! Mmoja hakukutosha?"

Ausi akacheka. Alicheka akiwa amelala mle ndani mpaka udongo ukamporomokea kifuani, na Mwinjuma akashuka kumvuta, wakatoka wameshikana, hatujui nani anacheka na nani analia. Baada ya hapo marehemu alichukua jembe mwenyewe akamfukia aliyemshitaki, akasema, "Nimekusamehe, Rehani. Nenda." Nimeona mengi katika umri wangu, lakini mbele ya hilo mimi huinama.

Tangu siku hiyo mji ulirudi kumtania, na yeye kuutania. Aliishi karibu miaka miwili katika hali hiyo. Kifua alichokitoa katika vumbi la chokaa kilimzidi mwezi uliopita, na Jumamosi, tarehe 12 Mfunguo Tisa, baada ya adhuhuri, alikata roho mkono wake ukiwa katika mkono wa Mwanvita. Alizikwa alasiri.

Mliokuwapo mliona. Mwinjuma alishuka kaburini, akakaa, akapiga ukuta wa udongo kwa kiganja. "Muongo mkubwa! Mji mzima ulikusikia ukisema utanizika. Amka basi, utimize!" Tulimngoja. Nikamnyooshea mkono, akaukataa.

"Sitoki mpaka nipewe changu."

"Chako nini, mjomba?"

"Kofia. Aliichukua mwaka wa tisini na saba, hajanirudishia."

Tukatuma mtu nyumbani kuleta kofia ya marehemu. Akaivaa, akatoka, akaanza kufukia kwa mikono.

Marehemu ameacha mjane, Mwanvita. Binti, Kibibi, aliye na siafu wake. Mpwa, Msabaha, mwandishi wa haya. Na mtani mmoja, Mwinjuma, aliyeketi hapo mlangoni na kofia isiyo yake, wala hakuna aliyemshitaki.

Mola ampokee mja wake ambaye hakumzika mtu ila aliyemsamehe. Apumzike kwa amani Ausi bin Dadi, na Mwinjuma amwache apumzike.