Mwanakheir na Neno Lililokataa Kufutwa

Wasikilizaji wapendwa, mlio mjini na mlio shamba, mlio barazani na mlio jikoni mnakuna nazi huku sikio liko hapa, assalaam alaykum. Leo sikufungua kwa muziki. Nimeomba usipigwe. Mwenye hamu ya taarab na asubiri, maana nna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili, na nisipolitoa litanisonga.

Mwanakheir Silima amefariki. Narejea kwa aliyechelewa kuwasha redio. Mwanakheir binti Silima, mzaliwa wa Tumbatu, mshona kofia wa Kikwajuni, amefariki Jumapili asubuhi. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Ameacha mtoto mmoja wa kike, Badriya, wa miaka mitano.

Atauliza mtu, mshona kofia ndiyo afanyiwe kipindi kizima? Naam, afanyiwe. Kwa sababu Mwanakheir hakufa kwa maradhi peke yake. Kafa kwa neno. Neno moja limeandikwa kwa wino kwenye kadi ya hospitali mwaka 1953, na kwa miaka mitano watu wazima na akili zao walikataa kulifuta. Hospitali siitaji. Wenyewe wanajijua.

Alizaliwa Tumbatu mwaka 1931. Alipokuwa na miaka saba akashikwa na buba. Wakubwa mnaijua buba: vidonda miguuni, vinavimba, nzi hawabanduki. Ni maradhi ya watoto, na watoto wa shamba hasa. Yanapita kwa kugusana, kwa kucheza, kwa kulala mkeka mmoja. Aibu haimo humo hata chembe. Mama yake, Bi Sichana, alimtia mrututu, ile dawa ya unga wa buluu, kwenye kidonda, na mrututu unavyounguza mnaujua. Bi Sichana aliniambia juzi matangani: "Aling'ata ushungi wangu mpaka ukatoboka, lakini mguu hakuuvuta." Kidonda kikapona. Likabaki kovu jeupe kwenye muundi wa mguu wa kushoto, ukubwa wa ukucha wa gumba. Lishikeni hilo kovu, wasikilizaji. Mguu wa kushoto.

Mwaka 1951 akaolewa mjini na Bwana Himid, karani wa bandarini Malindi, mtoto wa Bi Jokha. Nyumba ile ni ya watu wa kujiona kidogo, na asinikasirikie mtu, kwani nasema linalojulikana. Wazee wao walitoka Uarabuni, walikuwa na shamba Bumbwini, na shamba liliposhuka hali maringo hayakushuka nalo. Mwanakheir alifika pale anacheka kwa sauti kama wanavyocheka kwao. Akaambiwa mwanamke wa mjini hacheki hivyo. Akajifunza kucheka kaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Lakini mumewe alimpenda, na yeye alimpenda mumewe. Kofia ya kwanza aliyomshonea ilimchukua miezi minne, tundu moja moja, na Himid akiivaa kila Ijumaa.

Mwaka 1953 akawa mja mzito. Miguu ilimvimba, na Bi Jokha mwenyewe, pamoja na maringo yake, alikuwa akimkanda kwa mafuta ya nazi kila alasiri. Nalo hilo lishikeni.

Akenda kliniki ya wajawazito. Wakamtoa damu, kama wanavyotolewa wote. Baada ya wiki karatasi ikarudi. Na hapa ndipo hasira zangu zinapoanza, kwa sababu karatasi hakupewa yeye. Ilitiwa ndani ya bahasha, bahasha ikagandishwa, akapelekewa mumewe kazini. Ndiyo ulivyokuwa utaratibu wao. Damu ya mwanamke, mwili wa mwanamke, majibu ya mwanamume.

Karatasi ilisema damu yake ina alama ya sekeneko, yaani kaswende, maradhi ya zinaa.

Himid akakimbia kupimwa na yeye. Damu yake safi. Basi akapiga hesabu ya haraka: mimi sina, yeye anayo, kaipata wapi? Hakumuuliza mkewe. Alimwandikia talaka pale pale juu ya meza ya kazini, akamtuma tarishi. Mwanakheir aliipokea mlangoni mikono ina unga. Mama yake aliniambia kwamba aliisoma mara tatu, akadhani imekosea nyumba. Kisha akasoma na ile karatasi ya hospitali iliyokunjwa ndani, na hapo ndipo alipokaa chini kwenye kizingiti.

Mtaa ukaanza. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Hebu niulize: nani aliyewaambia kwamba methali ni ushahidi? Alikuwa akipita, kanga zinavutwa pembeni zisigusane na zake. Kikombe alichonywea kwa jirani kikatupwa jaani mbele ya macho yake. Mwanamke hajawahi kumjua mume mwingine tangu azaliwe. Nasema tena, maana wapo watakaojifanya hawakusikia: hajawahi.

Sasa tulieni niwaeleze habari ya damu, kama nilivyoelezwa na Bwana Machano, anayefanya kazi ya kupima damu kwenye hospitali hiyo hiyo. Maradhi yakiingia mwilini, damu hufanya walinzi wa kupambana nayo. Maradhi yakitoka, walinzi hawaondoki wote. Wengine hubaki miaka, hubaki umri mzima. Kipimo kile hakimuoni mwizi. Kinawaona walinzi. Na wadudu wa buba na wadudu wa sekeneko ni ndugu wa tumbo moja, wamefanana hata walinzi wao hawatofautiki. Kwa hivyo mtu aliyepata buba akiwa na miaka saba, akipimwa ana miaka ishirini na mbili, damu yake inaweza kujibu vile vile kama ya mwenye sekeneko. Damu haikusema uwongo. Damu ilisema: nilipigana zamani. Aliyesema uwongo ni aliyeandika jina asilolijua.

Na ilikuwa wepesi kulijua! Kuuliza tu: mwanangu, utotoni uliugua buba? Kuinua upindo wa nguo, kutazama muundi wa mguu. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyetazama. Mtumbatu, mke wa mtu, kanyamaza kwa haya, basi, andika.

Mwanakheir hakuyajua haya mpaka Badriya alipokuwa na miezi mitatu. Alikwenda hospitali kuuliza, akakaa uwanjani kutwa mbili, na siku ya pili Bwana Machano ndiye aliyemuuliza habari ya buba. Akamwonesha kovu. Bwana Machano akakunja suruali yake. Na yeye alikuwa nalo. Akajitoa damu mwenyewe, akaipima, akamwonesha: alama ile ile.

Wallahi, aliyemwona Mwanakheir siku ile alisema alicheka, na hakufunika mdomo.

Lakini hakuridhika na damu ya Bwana Machano. Alikwenda kwao, akarudi na Bi Mwatum, mwalimu wake wa chuo, bikizee wa miaka sabini aliyesomesha Kurani nusu ya wasichana wa kijiji. Bi Mwatum alikuwa na makovu mawili, na kwa ridhaa yake akatoa mkono. Alama ile ile. Mwanakheir akamchukua mwalimu wake kwa mkono mpaka mbele ya daktari mkuu, asiyejua Kiswahili, akasema maneno ambayo Bwana Machano, aliyekuwa akitafsiri, hajayasahau. "Daktari, huyu ndiye aliyenifundisha kusali. Mwandike na yeye sekeneko, au nifute mimi."

Daktari alitazama zile karatasi tatu. Alikubali, kwa mdomo, kwamba yamkini ni buba. Mwanakheir akamwambia basi futa. Daktari akasema rejista ya serikali haifutwi. Aandike basi pembeni kwamba ni buba. Akasema atalifikiria. Miaka mitano, wasikilizaji! Mwanakheir alikwenda kila mwaka, mwezi wa mfungo sita, mwezi wa Maulidi, anavaa buibui lake safi, anauliza kama limefikiriwa. Hakudai mume. Himid alikuwa keshaoa kwengine. Alichotaka ni neno lifutwe, kwa sababu kadi ya Badriya iliandikwa kutoka kadi yake. Mtoto yule amezaliwa akiwa na neno la mama yake limeshabandikwa juu ya jina lake. "Mimi nshazoea kusemwa," alikuwa akimwambia mama yake. "Huyu hajafanya hata la kusemwa."

Sasa nakuja kwenye wiki iliyopita, na mnistahamilie sauti yangu.

Ijumaa asubuhi Mwanakheir aliamka na maumivu ya tumbo, upande wa kulia, chini. Homa juu. Bi Sichana, aliyekuwa amekuja kumtembelea, akampeleka hospitali. Karani akaitoa kadi. Akaisoma. Akasema wenye maradhi haya wanatazamwa Jumatatu, mlango wa nyuma. Bi Sichana akamwambia mwanangu anaumwa na tumbo. Karani akasema Jumatatu. Dresa, mfunga vidonda, akapita, akaitazama kadi, hakumtazama mtu, akasema Jumatatu.

Wakarudi nyumbani. Jumamosi tumbo likawa gumu, hawezi kunyoosha mguu. Bi Sichana akamkodi hamali na gari lake la kusukuma, akamlaza mwanawe juu ya magunia, wakapita mjini mchana kweupe. Safari hii hawakwenda kwa karani. Walikwenda dirishani kwa Bwana Machano. Bwana Machano hakungoja ruhusa ya mtu. Akamchoma kidole, akatia tone moja chini ya darubini, akahesabu chembe nyeupe, zile zinazozidi pale mwili unapopigana na maradhi makali. Kwa mtu mzima wa afya ni elfu sita, elfu nane, kumi tukizidisha. Alihesabu elfu ishirini na sita. Akahesabu tena. Elfu ishirini na sita.

Alikimbia na ile karatasi mpaka kwa daktari. Wakampasua alasiri ile ile. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu asubuhi, na usaha umeenea. Jumapili, jua linatoka, Mwanakheir akakata roho.

Damu yake ilisema kweli mara mbili. Mara ya kwanza ilisema nilipigana zamani, wakaitafsiri kuwa ni uchafu. Mara ya pili ilisema napigana sasa, nisaidieni. Siku ya Ijumaa ilikuwa ikiyasema hayo, na tone moja lingetosha kusikika. Lakini kadi ilisomwa kwanza.

Nilikwenda matangani. Bwana Himid alikuwepo, kakaa barazani na wanaume, kichwa chini. Bwana Himid, najua redio ya bandarini iko wazi saa hizi. Sina la kukuambia. Majuto ni mjukuu, na wako keshakuja.

Aliyenikata maini ni mama yake. Bi Jokha alikuja kwa miguu kutoka Malindi, akapiga magoti mbele ya Bi Sichana katikati ya wanawake, na akaomba niitwe mimi mlangoni nisikie. Ninayasoma kama alivyoyasema, kwa amri yake.

"Nilimkanda miguu mwanangu yule. Kovu nililiona, na nililijua, kwa sababu na mimi ninalo. Nimelipata Bumbwini, nikiwa mdogo, nikicheza na watoto wa shamba. Siku barua ya talaka ilipokuja ningeweza kusema neno moja tu, na Himid angemrejea mkewe. Niliona haya kusema kwamba na mimi niliwahi kuwa na buba. Nikamwacha aitwe malaya."

Bi Sichana akamwambia maneno haya, wala hakupandisha sauti. "Radhi sina leo. Labda nitakuwa nayo kesho. Lakini mjukuu wetu ni mmoja, na kadi yake ipo."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yetu sote hapa studio natoa mkono wa taazia kwa Bi Sichana, kwa watu wa Tumbatu, kwa Bi Mwatum aliyemsomesha na aliyemsalia, kwa Bwana Machano, na kwa Badriya, ambaye tangu Jumapili anaulizia kofia aliyoiacha mama yake nusu, nani ataimaliza. Mwenyezi Mungu amlaze mahala pema.

Ninyi wengine, mlio na kovu kwenye mguu mnalolifunika, na mlio na neno mnalolijua mkalinyamazia, nawaachia mlale nalo leo. Na aliyekitupa kikombe jaani anajijua.

La mwisho. Jumatatu, saa mbili asubuhi, Bi Jokha atakwenda hospitali ile na Badriya mkononi. Ataomba atolewe damu, na ataomba majibu yaandikwe kwa jina lake, Bi Jokha wa Malindi, juu ya kadi ile ile ya mjukuu wake. Nilimwambia kwa umri wake na heshima yake watampitisha mbele. Amekataa. Amesema atapita mlango wa nyuma, na atakaa kwenye benchi mpaka daktari alete kalamu.